Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: Je, ndivyo ilivyo katika michezo ya video?

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yumo kijana wa miaka kumi na miwili hivi au zaidi, hapana shaka umekwisha kulisikia ombi hili, au utalisikia karibuni. Kijana anao mchezo wa video ambao ulimnunulia mwaka jana kwa fedha za kujibana. Mchezo huo haujaharibika. Mashine inausoma vizuri, na yeye mwenyewe bado anaucheza kila amalizapo kazi za shule. Walakini amesikia kwamba toleo jipya linatoka mwezi ujao, na tangu siku hiyo hana raha. Ukimwuliza lile jipya lina nini ambacho hili la zamani halina, atakujibu kwa maneno yale yale aliyoyasikia katika tangazo, wala hataongeza la kwake hata moja.

Wahenga walituachia usemi kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mzazi aliyelelewa kwa usemi huu atakata shauri upesi: kitu kinachopigiwa kelele namna hii hakiwezi kuwa kizuri. Kijana naye atajibu kwamba kisingekuwa kizuri kisingenunuliwa na watu mamilioni. Katika makala hii tutaupima ubishi huo kwa mambo yaliyokwisha kutokea katika biashara hiyo, maana swali lenyewe si la watoto peke yao. Ni swali la kila mlaji: kinachoiuza bidhaa ni ubora wake, au ni debe inalopigiwa?

Mbuzi ndani ya gunia

Kwanza yatupasa tuielewe biashara yenyewe. Mchezo mkubwa wa video hutengenezwa na mamia ya wafanyakazi: wachoraji, watunzi wa hadithi, wanamuziki, waigizaji wa sauti na mafundi wa kompyuta. Kazi hiyo huchukua miaka miwili, mitatu au zaidi, na humeza mamilioni ya dola kabla senti moja haijarudi. Kwa hiyo mwenye mtaji huogopa kitu kigeni. Akiisha kupata mchezo mmoja uliopendwa, huona usalama katika kutoa wa pili, wa tatu na wa nne wenye jina lile lile. Ndiyo sababu majina yale yale hurudi madukani mwaka hata mwaka, tofauti ikiwa ni tarakimu iliyoongezwa mwishoni.

Sasa fikiria jinsi unavyonunua embe. Unaliminya, unalinusa, na mwuzaji mwungwana hukukatia kipande uonje. Kitenge unakikunjua na kukivuta uone kama kinachuja. Lakini mchezo wa video hauonjeki kwa namna hiyo. Uzuri wake au ubaya wake hujulikana baada ya kuucheza kwa saa nyingi, nawe umekwisha kulipa. Zaidi ya hayo, kampuni huwashawishi wanunuzi walipe hata kabla mchezo haujatoka, kwa ahadi ya zawadi ndogo ndogo kama vazi la mhusika au silaha ambayo wengine hawataipata. Wazee wetu wanalo jina la biashara ya namna hii. Huitwa kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Je, mtu anayenunua mbuzi aliye guniani hutegemea nini? Hutegemea mambo mawili: maneno ya mwuzaji, na kumbukumbu ya mbuzi aliyeuziwa mara ya mwisho. Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye kiini cha habari yetu.

Nyuso zilizotoweka

Ubisoft ni kampuni kubwa ya michezo ya video yenye asili ya Ufaransa. Mwaka 2007 ilitoa mchezo uitwao Assassin's Creed, hadithi ya mwuaji wa siri katika Nchi Takatifu wakati wa Vita vya Msalaba. Wahakiki waliusifu kwa uzuri wa miji yake, kama vile Dameski na Yerusalemu, lakini walilalamika kwamba mchezaji hufanyizwa kazi zile zile tena na tena. Watengenezaji walisikia. Toleo la pili, lililotoka mwaka 2009 na kuipeleka hadithi Italia ya karne ya 15, lilirekebisha mengi ya makosa hayo na kusifiwa kuliko la kwanza. Tangu hapo, kila mwaka wapenzi wa mchezo huo walitolewa toleo jipya.

Hivyo ilipofika mwaka 2014, jina hilo lilikuwa limejiwekea akiba kubwa ya imani. Toleo la mwaka huo, Assassin's Creed Unity, liliihusu Paris ya wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na lilitengenezwa na vituo kumi vya kampuni hiyo chini ya uongozi wa kituo cha Montreal, nchini Canada. Tarehe 11 Novemba 2014 liliingia madukani Marekani kwa bei ya dola 60, yaani takriban shilingi laki moja za Tanzania kwa kima cha wakati ule.

Ni desturi ya kampuni kuwapa wahakiki nakala mapema, kwa sharti kwamba wasichapishe maoni yao kabla ya saa iliyowekwa. Kwa kawaida saa hiyo hutangulia saa ya kuuza, ili mnunuzi asome kwanza ndipo afungue mkoba. Safari hii mauzo yalianza usiku wa manane, na wahakiki waliruhusiwa kusema saa sita mchana. Kwa muda wa nusu siku, basi, sauti iliyosikika madukani ilikuwa ya mwuzaji peke yake.

Baada ya hapo ukweli ulidhihirika. Wahusika walizama ardhini kana kwamba wamekanyaga tope. Picha zilikwama-kwama katikati ya mapigano. Katika kompyuta za wachezaji wengine, nyuso za wahusika zilitoweka kabisa, yakabaki macho na meno yakielea hewani chini ya nywele. Picha za viroja hivyo zilienea duniani kote kwa siku chache tu.

Je, mchezo huo haukununuliwa? Ulinunuliwa, tena sana. Ubisoft ilieleza kwamba Unity, pamoja na nduguye Rogue uliotoka wiki ile ile, ilikuwa imefikisha madukani nakala zipatazo milioni 10 hadi mwisho wa mwaka huo. Kwa hiyo mtu angeweza kusema kwamba usemi wa wahenga umeshindwa: kibaya kimejitembeza, na kimepata wanunuzi.

Deni hulipwa na aliyefuata

Lakini hesabu ilikuwa haijafungwa. Tarehe 26 Novemba 2014, mkuu wa Ubisoft huko Montreal, Yannis Mallat, aliandika barua ya kuomba radhi. Nyongeza ya mchezo ambayo ingeuzwa ilitolewa bure kwa wote, na wale waliokwisha kulipia nyongeza zote kwa mkupuo mmoja walipewa mchezo mwingine bila malipo. Hiyo ilikuwa gharama ndogo. Gharama kubwa ilingojea mwaka uliofuata.

Mwezi wa Oktoba 2015 ulitoka Assassin's Creed Syndicate, uliosimulia habari za London ya karne ya 19. Mchezo huu haukuwa na kasoro za nduguye, na kwa jumla wahakiki waliupa alama za juu zaidi. Debe ulipigiwa vile vile. Hata hivyo wanunuzi walisitasita. Mkuu wa fedha wa kampuni, Alain Martinez, aliwakiri wawekezaji kwamba mauzo ya wiki ya kwanza yaliathiriwa na yale yaliyotokea kwa Unity. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mchezo mzuri ulilipishwa dhambi za mchezo mbaya uliotangulia.

Kampuni ilielewa. Mwezi wa Februari 2016 ilitangaza kwamba mwaka huo hakutakuwa na toleo kubwa la Assassin's Creed, ikawapa mafundi wake muda. Toleo lililofuata, Origins, lilitoka Oktoba 2017 na kutupeleka Misri ya kale, wakati wa Kleopatra. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, katika siku kumi za kwanza lilinunuliwa mara mbili ya Syndicate. Haki inatutaka tuseme kwamba ubora haukuwa sababu pekee. Watu walikuwa wamekinai kulishwa chakula kimoja kila mwaka, na mapumziko yaliwarudishia hamu. Lakini hata hilo ni fundisho. Jina halikamuliwi kila siku kama ng'ombe asiyepewa majani.

Tazama sasa upande wa pili wa jambo hilo hilo. Mwaka 2017 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo wa The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ambao wachezaji waliupokea kwa furaha kubwa. Toleo la kuufuatia lilikusudiwa kutoka mwaka 2022. Wakati ulipokaribia, Nintendo ilisema kazi haijakamilika na kuomba muda zaidi. Mchezo huo, Tears of the Kingdom, ulitoka tarehe 12 Mei 2023, na katika siku tatu ukauza nakala zaidi ya milioni 10. Wengi wa watu wale hawakuwa wameugusa. Walichokuwa wakikilipia kwa kweli ni furaha waliyoipata miaka sita iliyotangulia.

Basi tunaweza kulisema neno letu waziwazi. Siku ya kwanza huuza tangazo. Lakini nguvu ya tangazo hutokana na ubora wa toleo lililotangulia. Ubora wa toleo lenyewe hulipwa baadaye, na mara nyingi mpokeaji wa malipo hayo, yawe thawabu au adhabu, ni toleo linalofuata. Usemi wa wahenga haukukosea. Ila haukutaja muda.

Shimo la Alamogordo

Huenda msomaji akadai kwamba hayo ni mambo ya jina moja moja tu. Turudi nyuma basi hadi mwaka 1982, tuone jinsi deni la namna hii lilivyoweza kulielemea soko zima.

Wakati huo kampuni ya Atari ilitawala michezo ya nyumbani nchini Marekani. Ilichukua Pac-Man, mchezo wa Kijapani uliokuwa ukipendwa mno katika mashine za mitaani, ikautengenezea kaseti ya kuchezea nyumbani. Kaseti hiyo ilinunuliwa kwa mamilioni kwa sababu ya jina lake, lakini waliofika nayo nyumbani waliona vizuka vinavyomemetuka kwenye kioo na rangi zilizofifia, wakajua wamepewa kivuli cha kile walichokipenda. Mwaka huo huo Atari ilinunua kwa fedha nyingi haki ya kutengeneza mchezo wa filamu ya E.T. ya Steven Spielberg. Fundi mmoja, Howard Scott Warshaw, alipewa wiki tano hivi kuukamilisha ili uwahi mauzo ya Krismasi. Tarehe ya tangazo iliwekwa kwanza, kazi ikalazimishwa kuifuata.

Kaseti zilirudishwa madukani, nyingine hazikununuliwa kabisa. Mwaka 1983 Atari ilipeleka malori ya kaseti kuzikwa katika jaa la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Kwa miaka mingi watu walidhani ni hadithi tu, mpaka mwezi wa Aprili 2014 shimo lilipofukuliwa na kaseti zikaonekana. Wala Atari haikuwa peke yake; kampuni nyingi zilikuwa zimejaza soko kwa michezo iliyotengenezwa haraka haraka. Inakadiriwa kwamba mauzo ya michezo ya nyumbani Marekani yalianguka kutoka dola bilioni 3.2 mwaka 1983 hadi milioni 100 mwaka 1985. Wanunuzi hawakulaumu kaseti moja. Waliacha kuamini rafu zima.

Nintendo ilipoingia Marekani na mashine yake mwaka 1985 ilijua kwamba bidhaa iliyoadimika ni imani. Ilibandika muhuri wa ubora kwenye michezo iliyoiidhinisha, na kwa kawaida kila kampuni ya nje iliwekewa kikomo cha michezo mitano kwa mwaka. Ilikuwa kampuni ya kibiashara yenye kutafuta faida yake, na masharti yake yaliwabana wengi. Hata hivyo ilikuwa imelisoma kaburi la Alamogordo vizuri.

Kizuri kisichotangazwa

Kabla hatujawapa wahenga ushindi wote, yatupasa tumsikilize shahidi wa upande wa pili. Mwaka 2005 ulitoka mchezo wa Psychonauts, uliotungwa na Tim Schafer na wenziwe wa Double Fine huko San Francisco. Unahusu kijana anayeweza kuingia ndani ya mawazo ya watu na kuyaona kama nchi. Wahakiki waliusifu kwa uchangamfu wa hadithi na ubunifu wa sura zake. Walakini haukununuliwa. Hakuna aliyelijua jina lake, haukuwa na ndugu aliyeutangulia, na kampuni iliyouchapisha, Majesco, ilipata hasara.

Kama kizuri kingekuwa chajiuza siku hiyo hiyo, Psychonauts ungeuza. Badala yake ulitembea polepole, mdomo kwa mdomo, mchezaji mmoja akimwambia mwenzake. Baadaye, ulipopatikana kwa bei nafuu kupitia mtandao, uliendelea kupata wapenzi mwaka hadi mwaka. Mwishoni mwa mwaka 2015 wapenzi hao walialikwa kuchangia toleo la pili, wakatoa zaidi ya dola milioni 3. Toleo hilo lilitoka Agosti 2021, miaka 16 baada ya la kwanza. Ubora ulilipwa, lakini kwa subira ambayo kampuni nyingi na wafanyakazi wengi hawawezi kuimudu. Kwa hiyo tusiwadharau wapiga debe wote. Mpiga debe wa kituo cha basi hafanyi kosa kukuambia basi liendako. Kosa lake huanza anapokuambia lina nafasi, nawe ukiingia unakuta abiria wamening'inia mlangoni.

Jina au kandanda?

Mfano wa mwisho tunaujua hapa hapa kwetu. Katika vibanda vya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ambamo vijana hulipia kila mechi wanayocheza, mchezo wa kandanda ndio unaotawala. Kwa takriban miaka 30, tangu 1993, kampuni ya Electronic Arts ya Marekani iliuuza kwa jina la FIFA. Kisha makubaliano yake na shirikisho la kandanda la dunia yakaisha, na toleo la mwaka 2023 likalazimika kuitwa EA Sports FC 24. Wengi waliuliza: je, mchezo utaishi bila jina hilo kubwa? Uliishi. Katika wiki ya kwanza ulichezwa na watu zaidi ya milioni 11. Vilabu vilikuwa vile vile, majina ya wachezaji yale yale, na mpira ulikwenda kama walivyouzoea.

Mshindani wake, kampuni ya Konami ya Japani, naye alikuwa amebadilisha jina la mchezo wake miaka miwili kabla. Pro Evolution Soccer, uliosifiwa kwa miaka mingi, uliitwa eFootball mnamo Septemba 2021 na kutolewa bure. Lakini kilichobadilika hakikuwa jina tu. Sura za wachezaji mashuhuri zilitisha, mwendo wao ulikuwa wa kuchekesha, na sehemu nyingi za mchezo hazikuwamo. Ingawa haukuuzwa hata kwa senti, ulizomewa, na kampuni ikaomba radhi na kuanza kuurekebisha. Mmoja alipoteza jina akabaki na kandanda. Mwingine alibadilisha jina huku kandanda yenyewe haijaiva. Vijana walijua tofauti.

Neno kwa mzazi

Sasa turudi nyumbani, kwa kijana wako anayelilia toleo jipya. Usimwambie kwamba michezo yote ni upuuzi, maana si kweli, naye atajua kwamba huijui. Origins wenyewe uliongezewa mwaka 2018 sehemu ya matembezi, ambamo mapigano yote huondolewa na mtu akajifunza maisha ya Misri ya kale. Walakini angalia kwanza alama ya umri iliyo juu ya jalada. Mfululizo huo wa Assassin's Creed ni wa watu wazima, wala haukutengenezewa mtoto wa miaka kumi na miwili.

Pili, usilipe kabla mchezo haujatoka. Anayelipa mapema humwondolea mwuzaji sababu ya kumaliza kazi yake. Ngojeni wiki mbili au tatu. Katika muda huo wahakiki watakuwa wamesema, waliotangulia kununua watakuwa wamelalamika au wamefurahi, na kasoro za kwanza zitakuwa zimerekebishwa. Mkingoja miezi michache, aghalabu na bei itashuka. Mchezo hauozi kama samaki. Utakuwa ule ule, na pengine bora zaidi.

Tatu, ulizeni kama ndani ya mchezo mna vitu vingine vya kununua. Iko michezo ambayo bei ya dukani ni ya mlango tu, na kila chumba kina kiingilio chake.

Nne, mkalishe kijana umwulize habari za mbuzi wa mwaka jana. Je, ahadi za tangazo la wakati ule zilitimizwa? Aliumaliza mchezo ule, au aliuacha katikati? Mpe kalamu na karatasi aandike majibu yake kabla ya kutazama tena tangazo la mwaka huu. Kampuni kubwa zilifundishwa jambo hili kwa hasara ya mamilioni ya dola. Yeye anaweza kujifunza kwa ukurasa mmoja wa daftari.

Kama majibu yake ni mazuri na fedha ipo, basi mnunulieni. Lakini isiwe siku ya kwanza.